Ni Nani Anayelipa Joto la Mota?

Liko swali moja ambalo huenda wasomaji wetu wengi hawajapata kuulizwa, nalo ni hili: Mtu aliyenunua umeme kwa fedha yake halali, akauingiza katika mashine yake halali, na sehemu ya umeme ule ikapotea bure kwa kuwa mashine ni mbaya, je, amemkosea mtu yeyote? Jawabu la haraka ni kwamba hakumkosea mtu. Fedha ni yake, mashine ni yake, hasara ni yake. Anayemwaga maziwa ya ng'ombe wake mwenyewe hatumwiti mwizi. Twamwita mzembe, tena pengine twamhurumia. Sisi hatukubaliani na jawabu hilo, ingawa hatusemi kwamba ni la kipumbavu. Yafaa tulichunguze polepole, maana katika nyanda hizi za kati, tangu Mpwapwa na Kongwa mpaka Dodoma na Singida, mashine zinazozungushwa kwa umeme zimekuwa nyingi, na kila moja inalo fungu lake la umeme linalokwenda na hewa.

Kwanza tulitazame jambo lenyewe. Mota ya umeme ni chombo cha ajabu kwa jinsi kilivyo chepesi kukielewa. Ndani yake mna waya wa shaba uliosukwa katika chuma, na katikati mna mhimili unaozunguka juu ya beringi mbili. Umeme ukipita katika shaba huleta nguvu ya sumaku, na nguvu hiyo huuzungusha mhimili. Lakini si umeme wote unaogeuka kuwa mzunguko. Sehemu hugeuka joto ndani ya shaba, sehemu hugeuka joto ndani ya chuma, na sehemu nyingine huliwa na msuguano wa beringi na upepo wa feni. Ukikaribisha mkono kwenye mota iliyofanya kazi tangu asubuhi, lile joto unalolisikia ni umeme uliolipiwa ambao haukusaga hata punje moja. Mota iliyo bora hutengenezwa kwa shaba nyingi zaidi, kwa mabati membamba ya chuma kilicho safi zaidi, kwa beringi nzuri na feni iliyopimwa. Hakuna siri nyingine. Ndiyo sababu ni nzito zaidi, na ndiyo sababu ni ghali zaidi.

Tume ya kimataifa inayoweka viwango vya vyombo vya umeme, yenye makao yake Geneva, ilizipanga mota kwa madaraja mwaka 2008, ikautengeneza upya mpango huo mwaka 2014. Madaraja yaandikwa IE1, IE2, IE3 na IE4. Tarakimu ikikua, hasara yapungua. Tuchukue mota ya kilowati 15, yaani ya nguvu ya farasi 20, izungukayo karibu mara 1,500 kwa dakika. Ikiwa ya daraja la kwanza, katika kila sehemu 100 za umeme inazopokea hutoa sehemu 88.7 za kazi. Ya daraja la tatu hutoa 92.1, na ya nne 93.9. Msomaji atasema: Ni tofauti ya sehemu tatu na kidogo katika mia! Ya nini kuiandikia makala?

Hapa hapana budi tuvumilie hesabu kidogo. Mota hiyo ikifanya kazi kwa nguvu zake zote saa 8 kwa siku, siku 300 kwa mwaka, itazunguka saa 2,400. Ya daraja la kwanza itakula karibu uniti 40,600. Kwa wepesi wa hesabu tuseme kila uniti ni shilingi 300: mwenyewe atalipa zaidi ya shilingi milioni 12 kwa mwaka mmoja. Bei ya kuinunua mota yenyewe ni jambo dogo mbele ya fedha hiyo, nayo mota hudumu miaka kumi, kumi na mitano, na zaidi. Basi ile tofauti ya daraja la kwanza na la tatu, ambayo tulikuwa karibu kuicheka, ni uniti kama 1,500 kila mwaka, yaani shilingi 449,000 hivi. Katika bei za umeme za nchi yetu liko kundi la nyumba ndogo, zile zisizotumia zaidi ya uniti 75 kwa mwezi. Nyumba ya namna hiyo ingewaka taa zake mwaka mmoja na nusu na zaidi kwa uniti zile 1,500. Na hiyo ni mota moja. Wachunguzi wa shirika la kimataifa la nishati walikadiria mwaka 2011 kwamba zaidi ya sehemu 40 katika 100 za umeme wote wa dunia huzungusha mota: pampu, feni, vinu, mashine za viwandani.

Wazee walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari, na hapa ndipo mahali pake hasa. Mwenye mashine huona fedha aliyoinunulia mota, kwa kuwa aliitoa mfukoni siku moja na ikamuuma. Haioni fedha inayotoka kidogo kidogo kwa LUKU, wiki hata wiki, kwa kuwa haimwambii kipi kilisaga na kipi kilikuwa joto. Akiona uniti zimekwisha upesi hulaumu bei ya umeme. Mota haimlaumu mtu, nayo hailaumiwi.

Sasa turudi kwenye swali letu. Tulisema kwamba hasara ni ya mwenyewe. Lakini je, ni kweli? Mwenye mashine ya kusaga hawezi kuishi kwa hasara. Lazima kila gharama iingie katika bei. Mama aliyebeba debe la mtama au uwele kutoka kijiji cha pili, akangoja foleni juani, hulipa bei ya kusagiwa, na ndani ya bei ile mna unga wake na mna joto la mota. Hakuuliziwa shauri kuhusu mota. Hawezi kuiona, na hata akiiona hana la kufanya, maana aghlabu mashine ya karibu ni hiyo moja, au ni mbili ambazo bei zake ni zile zile. Kadhalika mkulima wa alizeti wa Singida au Kongwa anayepeleka magunia yake kukamuliwa. Twadhani kwamba joto linalipwa na tajiri wa mashine. Kwa kweli linalipwa na watu wengi walio maskini kumliko, kila mmoja shilingi chache, wala hapana hata mmoja anayejua kwamba analilipa.

Jambo lazidi kuwa gumu tukikumbuka kwamba mahali pengi mwenye mashine si yeye anayeiendesha. Amemkodisha mtu mwingine, ambaye humlipa kodi ya mwezi na kununua umeme mwenyewe. Mwenye mashine ndiye anayechagua mota. Mpangaji ndiye anayelipia joto lake. Tazameni jinsi mambo yalivyogeuka. Anayechagua halipi, na anayelipa hachagui. Mwenye mashine akienda dukani atanunua mota ya bei ndogo kuliko zote, na kwa hesabu ya mfuko wake amefanya busara. Hatuwezi kumwita mwovu. Hata hivyo amefanya kwa fedha ya mwingine jambo ambalo asingelifanya kwa fedha yake. Sisi twaona hapa ndipo kiini cha swali letu kilipo, wala hakimo katika shaba na chuma. Siku zote ni vigumu kutunza kisichotuuma sisi.

Yuko na mlipaji mwingine, aliye mbali zaidi. Umeme haufanani na maziwa yale tuliyoyataja. Maziwa yakimwagika, jirani hakupungukiwa. Umeme hutoka katika chungu kimoja cha taifa, na anayechota zaidi humpunguzia mwingine, hasa wakati chungu kikiwa karibu na kikomo. Watu wa nyanda za kati wanalijua jambo hili kuliko wengine, maana chungu hicho walikuwa wakikiona kwa macho. Bwawa la Mtera liko katika Mto Ruaha Mkuu, mpakani mwa Dodoma na Iringa. Mitambo yake ya megawati 80 ilianza kazi mwaka 1988, na maji yanayopita hapo huteremka mpaka Kidatu kuzungusha mitambo mingine ya megawati 204. Mvua ikikosekana Usangu na kwetu, bwawa hukauka, na taifa zima husikia. Katika miaka ya 1990, tena mwaka 2006, tena 2011, nchi iligawana giza kwa zamu. Oktoba 2015 maji yalipungua hata mitambo mingi ya maji ikasimamishwa. Katika miezi ya namna hiyo mashine za kukodi za mafuta na gesi zililetwa kwa gharama kubwa, na viwanda vikafunga milango saa za mchana. Mtu aliyekuwa na mota ya kupoteza katika mwezi kama ule hakuwa anapoteza mali yake tu. Uniti zake za joto zilikuwa maji ya Mtera, na maji ya Mtera yalikuwa taa ya chumba cha upasuaji mahali pengine.

Wapo watakaotujibu mara moja: Hayo ni ya zamani. Sasa lipo Bwawa la Julius Nyerere katika Mto Rufiji, lenye mitambo 9 ya megawati 235 kila mmoja, jumla megawati 2,115. Mtambo wa kwanza uliingizwa kazini Februari 2024, na hata kabla mwaka ule haujapita tulisikia kwamba mitambo mingine imezimwa kwa kuwa umeme umezidi mahitaji. Ya nini basi kuhubiri uangalifu kwa mtu aliye kando ya mto? Hoja hii ni nzito kuliko zote, wala hatutaki kuipita kama kwamba hatukuisikia. Ni kweli kwamba uniti iliyopotea usiku wa manane, wakati maji yanafurika juu ya bwawa, haimnyimi mtu kitu. Anayesema kwamba kila uniti iliyopotea ni dhambi sawasawa hasemi kweli.

Lakini wingi wa Rufiji haufiki Dodoma kwa upepo. Hufika kwa nguzo, nyaya na transfoma, na hivi vyote vina kikomo. Ule mkondo mkuu wa kilovolti 400, utokao Iringa kupita Dodoma na Singida mpaka Shinyanga, ni safari ya kilomita 670, na umeme unaosafiri hupungua njiani. Machi 2025 Serikali yenyewe, ilipoeleza sababu ya kununua umeme kutoka Ethiopia kwa ajili ya mikoa ya kaskazini, ilitaja upotevu wa umeme unaotoka mbali. Tena mwisho wa mkondo, kijijini, transfoma ni moja na ndogo. Mota mbaya ikiwashwa saa ile ile ambapo kila mtu amewasha, taa za majirani hufifia. Mota yao wenyewe nayo, ikipata umeme dhaifu, huvuta mkondo mkubwa zaidi na kuzidi kupata moto. Vipo vijiji vyetu ambavyo vimelalamika miaka mingi kwamba vililetewa umeme wa njia moja tu, usioweza kuzungusha mashine kubwa. Kuwaambia watu hao kwamba umeme umejaa ni kama kumwambia mwenye kiu kwamba bahari ina maji.

Tena Dodoma si mahali pa kujifunzia mazoea ya wingi. Mvua yetu ni kama milimita 550 au 600 kwa mwaka, nayo huja kwa miezi michache na kwenda zake. Maji ya mji kwa sehemu kubwa hutoka katika visima virefu vya Mzakwe, bonde la Makutupora, yakipandishwa na pampu za umeme usiku na mchana. Kipimo cha maji ya chini katika bonde hilo kimeandikwa tangu miaka ya 1950, na wataalamu walioisoma orodha hiyo waliona kwamba visima havijazwi na mvua ya kila mwaka. Hujazwa na miaka michache ya mvua kubwa sana, kama ile ya 1997 na 1998, kisha watu huishi kwa akiba hiyo miaka mingi. Na mji uliopewa heshima ya makao makuu mwaka 1973, ukayapokea kweli kweli kuanzia 2016, ulikuwa na watu zaidi ya 765,000 katika hesabu ya mwaka 2022. Pampu ya kisima ni mota isiyolala. Inazunguka saa karibu zote za mwaka, na kwa hiyo ndiyo mota ambayo daraja lake lina maana kubwa kupita zote. Mnunuzi wa umma anayechagua pampu kwa kutazama bei ya siku ya zabuni tu, asitazame bili ya miaka 15 ijayo, amewafanyia walipa maji jambo lile lile ambalo mwenye mashine alimfanyia mpangaji wake. Naye hana udhuru wa umaskini.

Udhuru wa umaskini tuuheshimu mahali unapostahili. Mtu aliyeuza ng'ombe wanne ili aanzishe mashine ya kusaga, akabaki na fedha ya mota dhaifu na si ya mota nzuri, tumwambie nini? Tumwambie alale njaa mpaka aipate IE3? Hapana. Afanye kazi yake kwa amani. Tena mashine yake haizunguki saa 2,400. Husimama kutwa ikingoja wateja, na baada ya mavuno ndipo inapopata pumzi. Mashine yenye kazi chache huenda isirudishe kamwe ile nyongeza ya bei. Wajibu huenda pamoja na uwezo wa kuchagua, na watu hawana uwezo sawa. Twaona ni udhalimu kumpigia mhubiri wa uangalifu kengele mlangoni kwa mwenye kinu kimoja, huku viwanda vya mota mia, ambavyo vina mhandisi, daftari na mkopo wa benki, vikiachwa viseme kwamba havikujua. Asiyejua, wala hakuwa na njia ya kujua, hana lawama. Asiyetaka kujua anayo.

Na katika walio na uwezo wa kuchagua yumo mwenye duka. Mota huuzwa na kibao kidogo cha bati ubavuni, chenye nguvu, mkondo na ufanisi wake. Mnunuzi hana kipimo cha kukihakikisha, anaamini tu. Kibao kikisema uongo, yule aliyebandika ameiba kila siku kwa miaka yote mota ile itakapozunguka. Twashangaa kwamba tuna maneno makali kwa mwenye mizani mbovu sokoni, hali tumekaa kimya juu ya kibao kibovu. Ndiyo sababu jambo hili haliwezi kuachiwa dhamiri ya mtu mmoja mmoja. Marekani ilitunga sheria yake mwaka 1992 na kuanza kuitekeleza kwa mota mwaka 1997. Nchi za Umoja wa Ulaya zilidai daraja la tatu kwa mota za kati na kubwa kuanzia 2015. Jirani zetu wa Kenya walitoa kanuni mwaka 2016 zinazohusu ufanisi wa vyombo vya umeme, zikiwemo mota za njia tatu. Mlango ukifungwa upande mmoja, bidhaa dhaifu hutafuta mlango ulio wazi, na nchi isiyokagua bandarini itapokea zilizokataliwa kwingine.

Neno moja juu ya mafundi, maana tusipolisema tutakuwa tumewadhulumu. Katika miji yetu mota iliyoungua haitupwi. Fundi huifungua, huufumua waya ulioungua, na kuusuka mpya. Wapo wauza mota wanaosema kwamba mota iliyosukwa upya ni takataka. Si kweli. Mwaka 2003 vyama vya mafundi wa mota wa Marekani na Uingereza vilipima mota kabla ya kusukwa na baada yake, vikaona kwamba kazi ikifanywa kwa utaratibu ufanisi hubaki. Unaoharibu ni ule upesi wetu: kuichoma mota kwa moto wa wazi ili waya utoke, mpaka rangi inayotenga mabati ya chuma ikaungua, na kuweka waya mwembamba kuliko wa kwanza kwa kuwa mnene haukuwepo dukani. Mota ile itazunguka, mteja atafurahi, na tangu siku hiyo itakula zaidi. Fundi anayemwambia mteja, "Waya wa kadiri hii sina, ningoje mpaka kesho," amemwokolea fedha nyingi kuliko aliyomaliza kazi jioni ile ile, ingawa mteja atamnung'unikia.

Pia tusije tukaifanya mota mpya kuwa hirizi. Nyundo za kinu zikiwa butu, chekeche likiwa limeziba, mkanda ukiwa umelegea na kuteleza juu ya gurudumu, hata mota ya daraja la nne itapoteza umeme mwingi kuliko ule iliyoletwa kuuokoa. Vilevile mota kubwa kupita kazi yake, inayobeba chini ya nusu ya nguvu zake, hufanya kazi vibaya. Tunao watu wanaonunua farasi 30 kwa kazi ya farasi 12, ati ni heshima. Kugeuza nyundo upande mkali na kukaza mkanda ni kazi ya nusu saa, nayo haihitaji sheria wala mkopo.

Limebaki lile la mwenye mashine na mpangaji wake, nasi twaona laweza kupata dawa bila kungoja Bunge. Mkataba wa kukodisha mashine huandika kodi ya mwezi na siku ya kuilipa. Haundiki neno juu ya mota. Wangeweza kuandika hivi: mwenye mashine atanunua mota ya daraja la tatu, uniti zitapimwa mwezi mmoja kabla na mwezi mmoja baada, kwa idadi ile ile ya magunia, na akiba itagawanywa nusu kwa nusu, moja ikiongezwa katika kodi na nyingine ikibaki kwa mpangaji. Kwa hesabu yetu ya juu, yaani shilingi 449,000 kwa mwaka, kila mmoja atapata kama 18,700 kwa mwezi. Kwa mashine inayozunguka nusu ya saa zile, wagawe kwa mbili. Na wakikubaliana kumkatia kidogo mama wa debe la mtama, wayaandike hayo nayo ukutani, karibu na bei ya kusaga, mahali anapoweza kusoma.